Mwalimu Aliyepika Kwaya Ndani ya Simu

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba programu ya simu inaweza kuandikwa ndani ya simu yenyewe, bila kompyuta, alikuwa na jembe begani na matope hadi magotini. Alikuwa ametoka kupalilia mbaazi zake huko kijijini Singe, akaingia kwenye mgahawa wangu hapa karibu na stendi ya Babati, akaagiza chai ya rangi, kisha akatoa simu kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka mezani polepole, utadhani ni yai. "Mama Neema," akaniambia, "hii nimeitengeneza mimi." Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, Mwalimu, hiyo simu ulinunua dukani kwa Baba Zulfa, nilikuwepo. "Sisemi simu," akasema. "Kilichomo."

Kilichomo kilikuwa kitufe kimoja cha kijani kilichoandikwa DO. Nikakibonyeza. Simu ikaimba "dooo" kwa sauti ya Mwalimu mwenyewe, ile sauti yake nene inayofika nyuma ya kanisa bila kipaza sauti. Nikaruka, chai ikamwagika mezani. Hakukuwa na kingine humo, programu nzima ni kitufe kimoja, lakini jamani, nilikibonyeza mpaka wateja wakalalamika.

Huyu ni mwalimu wetu wa kwaya. Mimi naimba alto, na nimekuwa chini ya kidole chake tangu Neema wangu ananyonya, na sasa Neema ana mtoto wake. Sitamtaja jina kwa sababu yeye mwenyewe likitajwa mbele ya watu huanza kukohoa na kutafuta kitu chini ya benchi. Kwetu sote ni Mwalimu, na siku za kazi ni mkulima wa mahindi na mbaazi kama watu wengine.

Nimesema kidole chake. Ana vidole kumi kama sisi, ila kinachofanya kazi ni kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia. Kwa hicho anapiga mapigo ya wimbo hewani, kwa hicho anakuonyesha ukikosea, na kwa hicho hicho anaandika programu, herufi moja moja, kwenye kioo chenye ufa. Mkono wa kushoto unashika kitabu cha nyimbo juu ya simu kuzuia jua. Ubao wa herufi unakula nusu ya kioo, kwa hiyo anaona mistari mitano tu ya kazi yake kwa wakati mmoja, na iliyobaki anaikumbuka kichwani. Siku moja nilimuuliza kwa nini asitafute kompyuta, hata ya mtumba. Akanitazama kama nimemwambia aoe mke wa pili. "Kompyuta ni ya watu wenye meza," akasema. "Mimi nina shamba."

Na kweli programu ile aliiandika shambani, chini ya kibanda cha kulindia nyani, akisubiri jua lipungue. Alijifunza kwa masomo aliyokuwa anayapakua na kuyasoma na kamusi ya Kiingereza iliyochanika kuanzia herufi T, kwa hiyo maneno ya T alikuwa anakuja kumuuliza Neema. Kuna yale mabano yaliyojikunja katikati ambayo programu haiendi bila hayo. Yeye aliyaita mabano yenye kiuno. Ukifungua moja lazima ufunge mwenzake, ukisahau simu inagoma. Basi ikawa hata kwenye mazoezi, tukivuta pumzi katikati ya neno, anasimamisha kwaya nzima. "Soprano! Mmefungua, hamjafunga!" Soprano wanatazamana. Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kitabu nacheka.

Ukishaandika yote, simu inabidi iyageuze yale maandishi kuwa programu yenyewe ambayo mtu anaweza kuiweka kwenye simu yake. Wataalamu wana neno lao. Mwalimu alisema "kupika". "Usiniongeleshe, napika." Na ilikuwa inapikika kweli, maana ile simu ndogo ilikuwa inachemka mpaka huwezi kuishika. Alikuja na mtindo wa kuiweka kwenye sahani ya bati juu ya kifuniko cha mtungi wangu wa maji ipoe huku inapika. Mimi nikawa naifunika na kawa, nzi wasiikanyage. Kijana wa bodaboda akaja ana njaa, akafunua kawa bila kuomba, akatulia, akaita: "Mama Neema, mbona chapati yako imefika asilimia sabini?" Mgahawa mzima ulicheka. Mwalimu hakucheka, aliuliza tu, "Sabini na ngapi?"

Ikigoma, mistari myekundu inajaa kioo. Hapo ungemhurumia, lakini hakuwahi kutukana wala kupiga meza. Alikuwa anavua miwani, anaifuta kwa shati, anairudisha, na kuiambia simu maneno yale yale anayotuambia sisi tukiharibu wimbo: "Tena. Kuanzia mwanzo." Maneno hayo tumeyasikia kwenye mvua, kwenye msiba, hata kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, ambapo tulikosea kidogo mstari wa pili na bwana harusi akasimamishwa mlangoni mpaka turudie.

Na huyu huyu, sikilizeni sasa, ndiye aliyeweka kapu mlangoni pa kanisa na kuamuru kila mtu aweke simu humo kabla ya mazoezi. Simu ikilia kapuni, mwenyewe anaimba peke yake mbele ya watu. Ndiye huyo huyo asiyejua kumfungia mtu namba. Alikuwa ananiletea simu, mtu aliyeandika programu kwa kidole chake, ananiambia kwa aibu, "Mama Neema, hebu niwekee vocha, hizi namba ndogo sana." Kwenye kundi letu la kwaya la simu alikuwa anatuma ujumbe wa sauti wa sekunde moja, na ukiufungua unasikia pumzi yake tu na ng'ombe kwa mbali.

Kitufe kimoja kilizaa vingine. Alijirekodi akiimba do, re, mi, fa, so, la, ti, za chini na za juu, kila nota peke yake. Programu ilikuwa inaokota nota moja moja na kuziunganisha, kwa hiyo ukiiandikia nota za wimbo wowote, inauimba. Haiimbi maneno, inaimba nota tu, kwa sauti yake. Unachagua soprano au alto au tenor au besi, unabonyeza, Mwalimu anakuimbia jikoni kwako. Wimbo ukiisha, simu inasema, nayo kwa sauti yake, "Tena. Kuanzia mwanzo." Nilimwambia hicho kipande cha mwisho kitatuua. Alifurahi sana.

Alitufundisha kupokea programu kwa kurushiana, simu kwa simu, baada ya ibada. Mama Eliya, soprano wetu mkubwa, alikuwa wa kwanza. Simu yake ikamwonya kwamba programu inatoka kwa mtu asiyejulikana na inaweza kudhuru. Mama Eliya aliiweka simu kwenye benchi, akarudi nyuma hatua tatu. "Mwalimu! Simu inasema hujulikani!"

"Miaka yote nakufundisha," Mwalimu akasema, "leo simu inakuambia sijulikani, unaiamini?"

"Inasema unaweza kudhuru."

"Hilo inaweza kuwa kweli. Bonyeza."

Alibonyeza akiwa amefumba macho. Wengine walitaka kwanza iombewe, na ikaombewa, dakika nzima, mikono juu ya simu.

Kabla ya kuturushia sisi, alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja ila mara moja tu, na nitaisema. Programu mpya ilikuwa lazima ijaribiwe kwanza kwenye simu ya Baba Zulfa. Baba Zulfa ni jirani yangu, ana duka la vyakula lisilokosa kitu, hata simu, mzee wa Kiislamu, mpole, mwenye simu ya kizamani kuliko zote Babati. "Ikikubali kwa Baba Zulfa," Mwalimu alikuwa anasema, "itakubali hata kwenye pasi." Basi Baba Zulfa akawa mjaribu mkuu. Anapima sukari, simu kwenye kaunta inaimba besi ya wimbo wetu. Baada ya mwezi nikamsikia anapima unga na kunguruma, "do, do, so, do." Nikamwambia, Baba Zulfa, unaimba kwaya! Akacheka mpaka kofia ikaenda upande. "Mimi naimba nota tu, Mama Neema. Maneno ni yenu." Na niseme ukweli, alikuwa anashika besi kuliko wanaume wetu watatu.

Sasa kwa nini mtu mzima ajitese hivyo. Watu walisema anatafuta umaarufu. Mimi nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namchemshia tangawizi. Sauti ilikuwa inamkauka. Ilianza kidogo, akifundisha sauti ya tenor anaishiwa, akifika besi anakwaruza. Daktari alimwambia kuna kitu kooni na kitaondolewa kwa upasuaji, na baada ya hapo asitegemee sana sauti yake. Aliniambia haya akiangalia kikombe, kisha akasema, "Nataka nikinyamaza wao waendelee. Waimbaji wa kule Sigino hawafiki mazoezi wakati wa palizi, wa mjini wana biashara. Lakini simu kila mtu anayo." Alikuwa ametunga wimbo wa Pasaka wa sauti nne, mzuri jamani, na alitaka uimbwe hata kama yeye hawezi. Nilikwenda nyuma kukata vitunguu ili nilie kwa sababu inayoeleweka.

Shida ilikuwa fa.

Fa aliirekodi nyumbani kwake asubuhi, na wakati anaivuta vizuri, jogoo wake akawika. Hakusikia. Ni mwanamuziki, alikuwa anasikiliza fa. Lakini simu ilisikia vyote viwili, na kwa kuwa nota ni ile ile moja inayookotwa kila mara, popote wimbo unapopita kwenye fa, jogoo anawika. "Do, re, mi, fa-kokoriko, so." Sisi tulimpenda. Tulikuwa tunamsubiri. Watoto wa nyumba zetu walikuwa wanamwitikia.

Ikaja siku ya mazoezi ya pamoja na kwaya ya wageni. Mwalimu akaunganisha simu na spika za kanisa, kifua mbele, awaonyeshe wimbo wake wa Pasaka. Ule wimbo una fa sita. Jogoo wa kwanza watu wakageuka kutazama mlango. Wa tatu, wageni wakaanza kutetemeka mabega. Wa sita, mchungaji wao mgeni akafuta machozi na kuuliza kwa adabu kabisa kama huyo ndiye jogoo wa Petro. Mama Eliya, badala ya kunyamaza, akasema kwa sauti, "Si ndiyo Pasaka yenyewe!" Wee! Watu walilala kwenye mabenchi. Mimi nililia kwa kucheka, na ndiyo maana sikumwona Mwalimu akichomoa waya na kutoka.

Jogoo alichinjwa Krismasi. Nilikula paja, alikuwa mgumu.

Lakini Mwalimu hakuishia kwa jogoo. Alikaa mgahawani wiki nzima, haongei, kidole kinakwenda. Alisema kwaya yake haitafundishwa na kuku. Aliondoa sauti yake yote, si fa peke yake, akaweka sauti ya kinanda. Simu ikamwambia haina nafasi ya kupika. Akafuta picha, ikakataa. Akafuta nyimbo za zamani, ikakataa. Akazifuta na zile rekodi zake, do hadi ti, akasema atajirekodi tena vizuri akipata sehemu tulivu. Ikapika. Alikuwa anaondoka kesho yake kwenda upasuaji, kwa hiyo alituita haraka, akatusimamia mmoja mmoja tufute ya zamani, akaturushia mpya, na akapanda basi. Hakuijaribu kwa Baba Zulfa. Alimrushia tu juu kwa juu, mkoba mkononi.

Alirudi mzima, tunashukuru. Alirudi na mnong'ono. Ukitaka kumsikia lazima usimame karibu kama unayepokea siri, na kuimba ndiyo basi. Mahali tulivu pa kujirekodia sasa palikuwa popote, ila cha kurekodi hakikuwepo.

Wimbo wa Pasaka tuliuimba. Tuliushika wote kwa kinanda, kila nota mahali pake, hata waimbaji wa Sigino hawakukosea. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama nyuma alipokaa, na kidole chake kilikuwa kimelala gotini. Tuliimba kama simu, jamani, hilo ndilo neno. Kinanda hakikutuambia wapi pa kuvuta pumzi wala wapi pa kuinama. Baada ya ibada hakusema turudie. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakusema. Jumatatu alimpelekea mchungaji barua kwamba anaacha kwaya, watafute mwalimu mwenye sauti.

Tulimfuata kwake Singe na mchele na kuku. Alitushukuru kwa mkono. Mama Eliya alimlilia waziwazi, akamwambia, "Mwalimu, sisi hatutaki mwingine." Akanong'ona kitu, Mama Eliya akaniuliza amesema nini. Alikuwa amesema, "Mtazoea."

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa Baba Zulfa kununua sukari ya mgahawa. Mwalimu alikuwepo, amekuja kununua chumvi ya ng'ombe, jembe begani kama siku ile ya kitufe kimoja. "Shikamoo Baba Zulfa." "Marahaba." Mwalimu nikampa mkono. Akaitikia kwa macho. Baba Zulfa akanipa mfuko wangu wa sukari, akageuka kupima chumvi, na kama kawaida yake akipima, akabonyeza simu yake pale kaunta.

"Do, do, so, do."

Hakikuwa kinanda. Ilikuwa sauti nene, ile ya kufika nyuma ya kanisa, inaimba besi ya wimbo wa Pasaka katikati ya magunia ya maharage.

Mfuko wa sukari ulinitoka. Mwalimu aliteremsha jembe taratibu.

"Baba Zulfa!" nikapiga kelele. "Umeipata wapi hiyo?"

"Si yenu?" Akashtuka, akadhani amekosea. "Ile mpya ilikataa kuingia, simu ikasema yenyewe ni ya zamani mno. Nikasema Mwalimu anaumwa, nisimsumbue. Nikabaki na hii. Nimeizoea mimi, nikipima bila huyu mtu nakosea kilo."

Simu haikutusubiri tumalize kubishana. Ikafika mstari wa tatu. "Mi, fa-kokoriko, mi." Yule jogoo niliyemla paja! Mwalimu alianza kutikisika mabega, mkono mdomoni, machozi yanashuka, na mpaka leo siwezi kukuambia yalikuwa ya kicheko au ya nini. Mimi nilikuwa nacheka na kulia vyote pamoja, sikuwa na aibu. Baba Zulfa naye, kuona tumefurahi, akaongeza sauti ya simu na kuingia na besi yake, kopo la chumvi mkononi, kofia upande. Jogoo akawika tena. Mama mmoja aliyekuja kununua kiberiti akasimama mlangoni, akasahau kiberiti.

Wimbo ukaisha. Mwalimu akajifuta uso kwa kiganja, akainama kuokota jembe lake.

Simu ikasema, kwa sauti yake kubwa, pale kwenye kaunta: "Tena. Kuanzia mwanzo."

Mkono wake ukaliacha jembe. Kidole kikapanda, kikasimama hewani, kikanielekea mimi, kisha Baba Zulfa, kikatusubiri tuvute pumzi.

Tukarudia.